Soda, asidi au mchanga? Kuosha vipuri vya injini ya Peugeot 404 kabla ya kuifunga upya

Swali: "Papa fundi, jambo. Niko na Peugeot 404 ya mwaka 1968, ya marehemu baba yangu, hapa Kampemba, Lubumbashi. Injini tumeishaifungua yote, imejaa mafuta meusi na kutu. Fundi wangu anataka kutia vipuri vyote ndani ya pipa la soda kostiki na kuchemsha. Shemeji yangu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, anasema asidi salfuriki kidogo itamaliza kutu kwa siku moja. Rafiki mwingine anasema nipeleke bloku na kilasi wavipige mchanga kwa mashine, vitoke kama vipya. Nimfuate nani? Na nianzie wapi?"

Jambo sana, mwanangu. Kati ya hao watatu, fundi wako ameshika nusu ya kweli. Wawili waliobaki usiwafuate. Soda kostiki inaosha vizuri sana bloku ya injini yako, maana bloku ya 404 ni ya fonti, chuma cha kusubu. Lakini kilasi, yaani kichwa cha injini, ni cha alumini, na pistoni vilevile. Soda ya moto inakula alumini. Utaona mapovu yanapanda kwa nguvu: hayo ni hidrojeni, gesi inayoshika moto, na jinsi yanavyopanda ndivyo metali inavyopungua. Kilasi ikilala humo usiku mmoja, asubuhi utaopoa kitu cheusi chenye vishimo, na uso ule wa kukalia gasketi hautaziba tena bila kukatwa sana kwenye mashine. Kupata kilasi nyingine nzima ya 404 leo si kazi ndogo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua dawa, jua metali ya kila kipuri. Na kabla ya kufurahia ngozi ya nje inayong'aa, jua ndani ya kipuri hicho kuna njia gani ambayo jicho halifiki. Injini iliyofungwa upya na kufa baada ya wiki mbili mara nyingi ilikuwa inapendeza sana kwa nje.

Usilowanishe kitu kabla ya kukitazama

Uchafu una habari. Tazama karteri, lile bakuli la oili chini ya injini, kabla ya kuikwangua: ukikuta ute wa rangi ya kahawa na maziwa, maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Ukikuta vipande vidogo vya kijivu vinavyong'aa, ni metali laini ya kusine, beringi za krankshafti. Vya njano vinatoka kwenye bushi. Tazama kila pistoni: ile ambayo kichwa chake ni safi kuliko nyingine huenda silinda yake ilikuwa inanyonya maji kupitia gasketi iliyoungua. Piga picha kwa simu, silinda kwa silinda, kisha ndipo uoshe.

Baada ya picha, alama. Kila kofia ya bieli (mkono unaounga pistoni na krankshafti) irudi kwenye bieli yake na kwa upande ule ule; vilevile kofia za krankshafti. Kila tapeti irudi kwenye tundu lake, maana imeshalikana na jino lake la kemshafti. Ukizichanganya utaharibu vyote viwili ndani ya muda mfupi. Valvu, vijiti vya kusukuma na roka, hivyo hivyo. Shemizi za 404, yaani mabomba ya silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, zinatoka, kwa hiyo andika namba yake na upande uliotazama mbele. Andika pia ulianza kuhesabu upande gani, kwa sababu Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa volani ya injini, lile gurudumu zito linalokaa upande wa klachi, wala si upande wa radieta kama mafundi wengi waliozoea Toyota wanavyodhani.

Karatasi italowa kwenye mazutu (dizeli) na rangi itatoka kwenye soda. Kata vipande vya kopo la nyanya, toboa namba kwa msumari, funga kwa waya. Kwenye kofia za bieli gonga nukta ndogo ubavuni kwa senta panchi, nukta moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili. Trei ya mayai inafaa sana kwa tapeti na valvu.

Sasa gawanya metali. Sumaku inashika fonti na chuma cha kawaida: bloku, shemizi, krankshafti, kemshafti, bieli, valvu nyingi, bolti. Isiposhika, weka pembeni. Kama una shaka, dondosha tone moja la maji ya soda kostiki mahali pasipo na kazi: likitoa povu ni alumini, na haliingii kwenye pipa. Kabureta ya Solex ni ya mchanganyiko wa zinki. Nayo haiendi kwenye soda wala kwenye asidi. Kusine na bushi zote zitoke kabla ya kuchemsha, hata kama utazibadilisha, kwa sababu ukubwa wake wa zamani ulioandikwa mgongoni ndio utakaokuambia kama krankshafti ilishawahi kukatwa.

Jambo moja ambalo garaji nyingi hazilitaji. Gasketi za miaka ile, hasa ya kilasi na za egzosi, nyingi zina asbesto, madini ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usizisugue kavu kwa brashi ya waya wala kuzipuliza kwa upepo wa kompresa. Zilowanishe maji yenye sabuni, zikwangue zikiwa zimelowa, takataka zake zifunge ndani ya mfuko. Na yale makaa ya kijivu na meupe kwenye pistoni na valvu yana risasi, ile metali yenye sumu, kwa sababu gari hili lilikunywa esanse (petroli) yenye risasi miaka mingi. Hayo nayo yaondolewe yakiwa yamelowa. Osha mikono kabla ya kushika bukari (ugali).

Mafuta kwanza

Soda haipendi kukutana na mafuta mazito ya kidole kizima. Inaishia juu juu na kupoteza nguvu. Kwangua kwanza kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Kisha weka beseni mbili za mazutu, lita 10 kila moja. Ya kwanza ni ya kutoa uchafu mwingi kwa brashi, ya pili ni ya kusuuza. Jioni mimina ya kwanza kwenye bidoni, iache itulie usiku. Asubuhi mazutu safi yako juu na matope chini, unatumia tena. Mafuta ya taa yanafanya kazi vizuri zaidi kidogo kuliko mazutu na yanakauka haraka, lakini bei ndiyo inaamua.

Esanse hapana. Inaosha vizuri, ndiyo, lakini mvuke wake ni mzito, unatambaa chini na kufika hadi kwenye mbabula (jiko la makaa) ya jirani kabla hujanusa kitu.

Baada ya hapo vipuri vya alumini vinamaliziwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70 na sabuni ya unga ya kufulia, vijiko vinne vya chakula kwa lita 10, na brashi ya nailoni. Usiviache vimelala humo. Sabuni nyingi za unga zina magadi ndani, na baada ya saa kadhaa alumini inaanza kuwa nyeusi. Osha, suuza, kausha.

Pipa la soda

Hili ni kwa fonti na chuma tu. Tumia nusu ya pipa la mafuta la lita 200, la chuma cheusi. Sufuria ya alumini isikaribie, wala chombo cha mabati, maana zinki nayo inaliwa. Kwa maji lita 60 weka soda kilo 3, yaani gramu 50 kwa lita. Soda ile ile ya vipande wanayonunua watengeneza sabuni. Weka maji ya baridi kwanza, kisha mwaga soda kidogo kidogo ukikoroga kwa fimbo. Usigeuze utaratibu huo. Soda ikikutana na maji inatoa moto wake yenyewe, na ukimwaga maji juu ya soda yanaweza kukurukia usoni.

Miwani iliyofunga pande zote, glavu ndefu za mpira, buti, na ndoo ya maji safi karibu. Ikikuingia jichoni, maji mengi kwa dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali. Siki usiweke jichoni, hata mtu akikuambia inaua soda.

Pasha hadi nyuzi 70 au 80. Kwa macho: mvuke unapanda na vipovu vidogo vinashika kuta, lakini maji hayajatokota. Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usingoje mia. Soda inayotokota inaruka, na haioshi vizuri zaidi. Bloku ikae saa mbili hadi tatu, ining'inie kwa mnyororo isikae chini kwenye matope. Rangi ya zamani itatoka yote, na mafuta yaliyogandamana kwenye kona yatalainika.

Soda haitoi kutu wala magamba ya chokaa. Watu wengi wanairudisha bloku pipani mara ya pili wakidhani haikuiva. Imeiva; kilichobaki kina dawa yake nyingine.

Ukiitoa, suuza kwa maji mengi ya moto, kwa mpira wa presha kama unao, ukipitisha maji kwenye kila tundu. Hapa ndipo watu wanapoteza kazi yote. Fonti isiyo na mafuta inashika kutu ndani ya dakika chache, unaiona ikigeuka rangi ya machungwa mbele yako. Kwa hiyo kabla ya kuitoa, oili na kitambaa viwe tayari. Maji ya moto yanaifanya bloku ijikaushe yenyewe; pale tu inapokauka, paka oili nyepesi kwenye nyuso zote zilizokatwa kwa mashine: juu, mahali pa shemizi, matundu ya tapeti, viti vya kusine.

Maji ya soda yaliyotumika yanaweza kutumika tena. Yafunike, na yakiisha nguvu usiyamwage kwenye mtaro unaoshuka mto Kafubu.

Asidi ya shemeji

Najua kwa nini wazo hilo linakuja haraka huku kwetu: asidi salfuriki inatumika tani kwa tani kwenye viwanda vya shaba. Lakini sikiliza inachofanya. Ndani ya njia za maji za bloku kuna magamba ya chokaa, hasa gari likiwa limejazwa maji ya kawaida badala ya maji ya radieta. Asidi salfuriki ikigusa chokaa inatengeneza jasi, na jasi haiyeyuki kirahisi. Inafunika magamba kama ngozi, kazi inasimama, na vipande vyake vinaziba njia nyembamba. Wakati huo huo, mahali pasipo na chokaa, asidi inakula fonti nzima: nyuzi za bolti, kingo za viti vya shemizi. Na springi za valvu na bolti ngumu za kilasi zikiingia humo zinanyonya hidrojeni ndani ya chuma. Kwa macho ni nzima, zinakatika baadaye zikiwa kazini. Asidi ya betri ya zamani ni mbaya zaidi, imebeba risasi.

Kwa chokaa na kutu nyepesi tumia asidi ya sitriki, unga mweupe unaotumika kwenye vinywaji na vyakula. Gramu 50 kwa lita ya maji ya vuguvugu, nyuzi 50 hivi, kwa fonti na chuma, saa mbili au tatu ukichungulia kila nusu saa. Kwa njia za maji za kilasi punguza iwe gramu 20 kwa lita, na nusu saa inatosha. Baada yake suuza, kisha osha kwa maji yenye soda ya mandazi, vijiko viwili vya chakula kwa lita 5, suuza tena, kausha, oili.

Lakini kabla ya dawa yoyote, chukua waya mgumu na bisibisi ndefu. Toa vile vifuniko vya duara vya chuma ubavuni mwa bloku na uchokoe. Injini ya 404 imelala kwa nyuzi 45, kwa hiyo matope yanatulia upande ulio chini, na chini kabisa kuzunguka shemizi. Huko utakuta matope magumu ya kahawia, mchanganyiko wa kutu na mchanga wa kusubia uliobaki tangu kiwandani, ambayo asidi haiyagusi. Yanatoka kwa kuchokolewa tu. Silinda iliyozungukwa na matope hayo inapata moto kuliko wenzake, na dereva analalamikia radieta miaka yote.

Mahali shemizi inapokaa ndani ya bloku pasafishwe hadi ung'avu wa chuma, bila kukwangua chuma chenyewe. Brashi ya shaba njano, mafuta ya taa, uvumilivu. Punje moja ikibaki pale chini, shemizi inakaa juu kidogo au inaegemea. Urefu wake unaotokeza juu ya bloku hautalingana na wenzake, na gasketi ya kilasi itaanza kuvuja pale pale. Upime urefu huo kwa kila shemizi na uulinganishe na kitabu cha gari kabla ya kufunga.

Kwa kipuri cha chuma kilicholiwa sana na kutu, kama kava ya roka au mabano, kuna njia ya umeme: ndoo ya plastiki, magadi kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, chaja ya betri ya volti 12, kipuri kwenye waya hasi, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye waya chanya. Kipande hicho kisiwe inoksi (chuma kisichoshika kutu), kinatoa sumu ndani ya maji. Fanya nje, maana hidrojeni inatoka. Springi na bolti ngumu zisiingie.

Mchanga

Sijui mtu yeyote aliyepiga mchanga ndani ya injini na kuutoa wote. Punje zinaingia kwenye njia za oili, kwenye nyuzi za plagi, kwenye mifereji ya ringi za pistoni, nyuma ya vifuniko. Unaosha, unapuliza, unaona pasafi. Oili ya moto yenye presha inakwenda kuzitoa siku ya kwanza na kuzipeleka moja kwa moja kwenye kusine. Metali laini ya kusine inazimeza punje, zinabaki zimechomoza nusu, na kuanzia hapo kila mzunguko unachora krankshafti. Vigololi vya kioo wanavyotumia mafundi wa kisasa vina tatizo hilo hilo. Na vumbi la mchanga linaharibu mapafu ya anayepiga, bila dawa ya kuyarudisha. Kama unataka kupiga kitu mchanga, piga manifoldi ya egzosi na mabano ya nje, kisha basi.

Vilevile diski zile za kusugulia zenye nyuzi ngumu za rangi, zinazofungwa kwenye drili ili kutoa gasketi haraka. Zinamwaga unga mkali wa oksidi ya alumini, na General Motors iliwahi kuwaandikia mafundi wake kuwaonya wasizitumie kwenye nyuso za injini kwa sababu ya kusine zilizokufa. Kwenye kilasi yako zinachimba bonde pia.

Njia za oili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nataka utumie muda wako.

Bloku ina njia kuu ya oili inayokwenda kwa urefu wake, na matawi yanayoshuka kwenye kila kiti cha krankshafti na kupanda kwa kemshafti na roka. Miisho yake imefungwa kwa plagi, yaani vizibo vya kukazwa. Mafundi wengi huziacha, wanapuliza upepo, unatoka upande wa pili, wanaridhika. Upepo unapita katikati. Tope lililoshika ukuta linabaki, na miishoni, nyuma ya plagi, ndiko limejaa kabisa. Toa plagi zote. Ikigoma, pasha bloku kuzunguka plagi kwa moto wa gesi, gusisha mshumaa kwenye nyuzi ili nta iyeyuke na kuingia ndani, subiri ipoe kidogo, kisha zungusha kidogo mbele na nyuma. Plagi isiyotaka kabisa inatobolewa kwa drili na mtu anayejua, na kubadilishwa.

Tafuta brashi ndefu nyembamba ya nailoni, kama zile za kusafishia chupa au bomba la bunduki. Ukikosa, waya wa chuma laini wenye kitambaa kilichofungwa imara mwishoni, ila hesabu vitambaa vinavyoingia na vinavyotoka. Pitisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha presha ya maji, kisha upepo. Halafu weka tochi ya simu upande mmoja na jicho upande wa pili. Ukuta wa njia unatakiwa uwe wa kijivu. Ukiona weusi, rudia.

Krankshafti ina siri yake. Imetobolewa ndani ili oili itoke kwenye shingo kubwa kwenda kwenye pini za bieli, na inapozunguka kasi inafanya kazi ya mashine ya kuchuja: uchafu mzito unatupwa upande wa nje wa tundu na kukaa huko. Kama yako ina plagi kwenye pini, zitoe zote. Utakuta nta nyeusi, ngumu kiasi cha kuchimbwa kwa bisibisi, na ukiisugua kati ya vidole inakwaruza. Krankshafti ikipelekwa kukatwa bila kuondoa hiyo, joto na mitikisiko ya mashine inailegeza, nayo inatoka kwenye kusine mpya. Safisha kabla ya kupeleka, na usafishe tena ikirudi.

Chujio la waya la pampu ya oili, ndani ya karteri, lisuguliwe kwa mafuta ya taa hadi uone mwanga kwenye kila kitundu. Likiwa limechanika, badilisha.

Matundu ya bolti za kilasi nayo usiyadharau. Yale yasiyotoboka upande wa pili yanabeba oili na maji chini. Ukikaza bolti juu ya kimiminika, hakina pa kwenda. Torki, nguvu ya kukaza, inasoma kamili wakati kilasi haijabanwa, au bloku inapasuka. Usipitishe tapu ya kukata, inapunguza nyuzi. Chukua bolti ya zamani ya kilasi, kata mfereji mmoja kwa msumeno kando ya nyuzi zake, iingize kwa mkono na kuitoa: uchafu unajaa kwenye mfereji. Kisha upepo, na kitambaa usoni.

Kilasi na pistoni

Kwenye kilasi, acha valvu zimefungwa mahali pake unaposafisha vyumba vya moto, ili viti vyake vilindwe. Lowanisha makaa kwa mafuta ya taa usiku mzima, kwangua kwa mbao ngumu au plastiki, malizia kwa brashi ya shaba njano. Bisibisi ya chuma inaacha mikwaruzo kwenye alumini, na makaa mapya yanaanza pale. Baadaye toa valvu na usafishe gaidi zake, matundu yanayoongoza shina la valvu, kwa brashi ndogo. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa kilasi, kwa urefu na kwa kona. Fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.05 mm ikipita chini yake, peleka ikapimwe kwenye mashine.

Pistoni zilale kwenye mafuta ya taa usiku mzima. Mifereji ya ringi, segma, husafishwa kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, lakini punguza ukali wa ncha yake kwa msasa kwanza. Lengo ni makaa yatoke na alumini ibaki. Mfereji ukipanuka, ringi mpya itacheza na kupeleka oili juu. Vitundu vya kurudisha oili, nyuma ya ringi ya chini, vizibuliwe kwa ncha ya drili ya ukubwa uleule ikizungushwa kwa vidole. Sketi ya pistoni, ubavu wake wa chini, isiguswe na brashi ya waya kabisa.

Kilasi ikiwa safi, tafuta nyufa, hasa kati ya viti viwili vya valvu na kuzunguka tundu la plagi ya cheche. Paka mafuta ya taa, acha nusu saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha pakaza chaki nyeupe iliyosagwa. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari mwembamba wa kijivu kwenye chaki. Heri uuone mezani.

Kabureta ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa au dawa yake ya kopo. Zhikleri zake, vile vitundu vidogo vya kupimia esanse, zizibuliwe kwa uzi wa ndoano ya samaki au unywele wa brashi. Waya wa chuma unapanua tundu na gari litaanza kunywa.

Kuosha kwa mwisho

Ukipeleka shemizi kusuguliwa, au krankshafti kukatwa, vikirudi viko vichafu kuliko vilivyokwenda, hata vikimeremeta. Unga wa jiwe umeingia kwenye mikwaruzo midogo ya shemizi. Mazutu na mafuta ya taa hayautoi. Yanabeba mafuta na kuuacha unga mahali pake. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu ya nailoni, kwa nguvu. Suuza, kausha haraka, paka oili nyepesi, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye sabuni. Shemizi iko tayari pale kitambaa cheupe kinapotoka na rangi ya oili tu. Ukiruka hapa, ringi mpya zitasagwa katika kilomita chache za kwanza.

Tumia vipande vya shuka kuukuu la pamba lililofuliwa mara nyingi. Taulo na sufi zinaacha nyuzi, na nyuzi zinafika kwenye chujio la pampu. Kila kipuri kikikauka na kupakwa oili kiingie ndani ya mfuko wa plastiki, mdomo ufungwe. Kama unafanya kazi kati ya Juni na Septemba, vumbi letu jekundu linapenya hata chini ya mlango, na bloku iliyoachwa wazi usiku mmoja inaoshwa upya asubuhi.

Plagi za njia za oili zirudi kabla ya kitu kingine chochote, na uzitie alama kwenye karatasi moja baada ya nyingine. Moja ikisahaulika, presha haitapanda na utaifungua injini yote. Ukitaka kupaka rangi bloku, fanya sasa, nje tu: futa kwa asetoni, funika nyuso za gasketi na matundu yote kwa utepe, paka rangi ya kuvumilia moto. Ndani ya karteri na ndani ya bloku usipake chochote, hata ukiona wengine wanafanya kwa urembo. Rangi iliyopakwa nyumbani inabanduka kwenye oili ya moto, na vipande vyake vinakwenda kulala kwenye chujio la pampu.